Onja Wewe Kwanza

Jumapili ikifika, mtaa mzima pale Katoro ulijua kwamba Mama Limi anatolewa auti. Wenzake wakitoka kanisani wanavua nguo nzuri, wanajifunga khanga, wanainamia beseni la kufulia. Yeye Mbuke ndiyo kwanza anatoka mlangoni, kitenge kimeshonwa kikakaa, viatu vya kisigino, mkoba kwapani. Bodaboda inasubiri nje. Wanapanda mshikaki, dereva mbele, Magesa mumewe katikati, yeye nyuma, hao, wanakwenda kula.

Mtoto wao Limi, wa miaka mitatu na nusu, alikuwa anabaki kwa jirani, Eunice.

"Wenzetu mlizaliwa na nyota," Eunice alikuwa anamwambia akimpokea mtoto. "Huyu wa kwangu tangu anioe hata hindi la kuchoma hajanishikisha njiani. Ukirudi unihadithie tu, mwenzangu, nishibe kwa masikio."

Mbuke alikuwa anacheka, kicheko cha meno. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Angemwambia nini Eunice? Kwamba huko anakokwenda hapelekwi kama mke, anapelekwa kama mbwa anayetupiwa tonge ili watu waone kama atakufa? Hayo hayasemwi kwa jirani. Yakishasemwa kwa jirani yamesemwa sokoni.

Mambo yalianza mwezi wa pili, taratibu, kama maji yanavyoingia shimoni bila mtu kuyasikia. Magesa hakuwa mchimbaji. Alikuwa mnunuzi mdogo, mtu wa kuzunguka mialoni, kule mawe yanakosagwa na kuoshwa, akinunua kwa wachimbaji vile vidonge vya kijivu, dhahabu ikiwa bado imeng'ang'aniwa na zebaki. Kidonge ukikichoma, zebaki inaruka na moshi, dhahabu inabaki. Wengi wanachomea palepale mwaloni. Lakini ukichomea mwaloni huondoki peke yako na riziki yako: kila aliyekukuta unachoma anakuomba ya chai, na usipotoa unaitwa majina. Tena wakongwe wa kazi hiyo wanasema dhahabu haipendi macho mengi, inasinyaa. Kwa hiyo Magesa alichomea nyumbani, mchana, kwenye jiko la mkaa la mkewe, chumba cha ndani, dirisha limezibwa kwa blanketi ili moshi usiwapelekee majirani habari. Limi alikuwa na kawaida ya kulala mchana, na kitanda chake kilikuwa chumba hichohicho. Hawakumwamsha. Nani anamwamsha mtoto aliyelala? Magesa akimaliza alitoka anafuta jasho, anasema, "Leo Mungu kasaidia," na jiko likarudi kupikiwa ugali.

Hakuna aliyeona ubaya. Nyumba ngapi mtaani zilikuwa na blanketi dirishani mchana, na kila mtu anajua, na kila mtu anapita.

Basi siku hiyo ya mwezi wa pili Mbuke alipika ugali na sato wa mchuzi. Magesa akatia tonge la kwanza mdomoni, akatafuna, akaacha kutafuna.

"Umeweka nini humu?"

"Nyanya, kitunguu, chumvi. Ya kila siku."

"Mchuzi una chuma."

"Labda sufuria."

Akabadilisha sufuria. Kesho yake maharage nayo yana chuma. Keshokutwa chai. Mbuke akabadilisha mafuta, akaacha maji ya kisima cha karibu akawa anafuata ya bomba la mbali, akasugua mwiko kwa majivu mpaka ukawa mweupe. Chuma kiko palepale. Yeye mwenyewe akionja haoni kitu. Siku zile za mwanzo alikuwa bado haoni kitu.

Aliyeupa ugonjwa jina alikuwa Theonest, rafiki yake Magesa wa mwaloni. "Hilo limbwata, kaka," alimwambia. "Mwanamke akitaka kukutia mfukoni anakutilia dawa kwenye chakula. Mke wangu wa kwanza alinifanyia hivyohivyo, ulimi ukawa kama nimelamba betri. Ningechelewa kidogo, leo ungenikuta nambebea ndoo za maji."

Neno limbwata likishaingia sikio la mwanaume halitoki kwa kijiti. Mbuke aliapa. Aliapa kwa Mungu, akaapa kwa mtoto. Yeye alimaliza darasa la saba kwao Mhunze, akaolewa, akaja Katoro, na katika maisha yake yote hakuna mganga aliyemjua hata kwa jina. Lakini anayeapa sana huonekana ana jambo, na asiyeapa naye huonekana ana jambo.

Magesa hakupiga, hakutukana. Pengine ingekuwa afadhali. Alichofanya ni kuacha kula nyumbani. Siku za kazi alikula anakokujua mwenyewe. Na kwa kuwa mtu na mkewe wakionekana wanakula mbalimbali mtaa unaanza kuuliza, Jumapili akawa anamchukua mkewe na kwenda naye mahotelini. Huko ndiko alikoanza kumfanyia mtihani.

Mara ya kwanza ilikuwa Geita mjini, hoteli ya barabara kuu, meza zina vitambaa vyeupe na maua ya plastiki. Magesa aliagiza pilau ya kuku, sahani moja. Ilipoletwa akaisogeza mbele ya mkewe.

"Onja wewe kwanza."

"Si umeagiza wewe?"

"Onja, Mama Limi."

Mbuke akaonja. Magesa akamwangalia koo. Hakumwangalia uso, alimwangalia koo, kama mnunuzi anavyoangalia mzani usije ukachezewa. Alipomeza akasubiri, kisha akaizungusha sahani. "Na hapa." Akaonja na hapo. Na paja la kuku. Na kachumbari. Ndipo naye akachukua kijiko.

Mhudumu aliyekuwa anafuta meza ya pili aliwatazama akachanua. "Jamani, mnalishana. Ndoa ina miaka mingapi hii?"

"Mitano," Magesa akasema, anatabasamu.

"Basi mimi naomba wa hivihivi. Huyo aliyenipa namba yake jana nilimwambia nina njaa, akaniambia pole."

Watu wa meza za karibu wakacheka, na Magesa akacheka nao. Alikula vijiko vinne. Cha tano akakirudisha.

"Hata hapa umefika," akamwambia mkewe polepole, uso bado unatabasamu kwa ajili ya watu.

Jumapili nyingine wakapanda basi mpaka Chato, ziwani. Pale sato anakaangwa mbele ya macho yako, mafuta yanaruka, hakuna pa kufichia kitu. Magesa akamsimamisha Mbuke kando ya barabara, mbali na karai, mpaka samaki alipoiva. Kisha akamnawisha. Akamwagia maji ya birika mpaka kwenye viwiko, akampa sabuni.

"Kucha," akasema.

Mbuke akanyoosha vidole, mumewe akavikagua kimoja kimoja, na wavuvi wawili waliokuwa wanakula ubwabwa pembeni wakaona mume anamnawisha mke mikono. Mmoja akamwambia mwenzake kwamba hiyo ndiyo elimu ya siku hizi. Mbuke akaonja mgongo wa samaki, akaonja mkia, akaonja ndimu. Magesa akala, akatema kwenye kiganja.

Na lile soko la jioni la palepale Katoro, jua likiwa bado halijazama, moshi wa mishikaki umetanda, chipsi zinachuruzika mafuta, wanawake wa ndizi za kuchoma wanaita wateja. Magesa alichagua banda bila kuliangalia, ili hata yeye mwenyewe asijue mapema wanakwenda wapi. Mishikaki ikaja, ukafuata mtihani. Muuza mishikaki, kijana wa Kikurya aliyeitwa Mwita, akamtania, "Kaka, shemeji anamaliza nyama, wewe unakula kwa macho?"

"Mimi nina subira," Magesa akasema.

"Subira haina mafuta, kaka. Utakonda."

Kweli alikuwa anakonda. Alikuwa anakonda, mate yanamjaa mdomoni, usingizi umemkimbia, na hasira zake ziko juujuu kama maziwa yanayotaka kumwagika. Mbuke naye alichoka. Haukuwa uchovu wa kulala ukaamka umepona. Alichoka kuvaa, alichoka kupanda bodaboda, alichoka kutabasamu kwa wahudumu. Mwaka ule alikula vizuri kuliko alivyowahi kula tangu azaliwe, na hakuna tonge lililoshuka bila kumkwaruza. Akirudi, Eunice anamuuliza, "Leo mlikula nini?" Anataja. Eunice anafumba macho kama anasikiliza kwaya.

Siku ile ya mishikaki, wakirudi kwa miguu, Magesa alimwambia maneno ambayo bila shaka alikuwa ameyapanga siku nyingi.

"Mwezi wa nane ukiisha na mdomo wangu uko hivi, nakurudisha Mhunze. Nitawaambia wazee wenu sababu. Limi atakwenda kwa dada yangu Sengerema."

"Limi ana miaka mitatu, Baba Limi."

"Ndiyo maana. Bado hujamharibu."

Mbuke alijua maana ya kurudishwa na jina la limbwata. Mwanamke aliyeshindwa ndoa anarudi kwao akapokelewa, akapewa jembe, akaishi. Mwanamke aliyerudishwa kwa dawa anarudi na neno mgongoni, na huko kwao wapo wanawake waliobebeshwa neno hilo ambao hawakufika uzee. Na mtoto angelelewa na watu wanaomwambia kila siku mama yako alikuwa nani. Mwezi wa sita ulikuwa unaisha.

Wiki hiyohiyo Limi akakataa uji.

"Hutaki kwa nini?"

"Una ufunguo."

Limi alikuwa na tabia ya kunyonya funguo za baba yake, kwa hiyo Mbuke alicheka. Halafu kijiko kikamfia mkononi. Akamtazama mtoto vizuri. Fizi zilikuwa zimevimba, mate yanachuruzika mpaka kifuani kama mtoto wa miezi sita. Mbuke alikuwa amezoea kusema ni meno, ni minyoo, akampa dawa ya minyoo. Usingizi wa usiku ulikuwa umemwisha Limi, analia bila sababu, na kikombe akikishika kinagonga meno. Mbuke akachukua kijiko cha uji akakitia mdomoni mwake mwenyewe. Chuma. Akanywa maji. Chuma.

Hapo ndipo Mbuke alipokosea, na kosa hilo hawezi kumsukumia Magesa. Alinyamaza. Aliona kwamba akimwambia mumewe "na mimi naisikia," atajibiwa kwamba dawa imemrudia mwenyewe. Akimwambia "na mtoto anaisikia," ataambiwa amefika mpaka kwa mtoto. Basi akanyamaza wiki mbili nzima, akitetea ndoa yake, na katika wiki hizo mbili Magesa alichoma mara tano, dirisha limezibwa, mtoto yumo ndani. Mama yeyote anayesoma hapa aisome mara mbili sehemu hii. Kumficha mume jambo ni rahisi. Mtoto analipa.

Jumapili iliyofuata mahoteli yalikuwa yameisha. Magesa akampeleka kwa mama lishe, kibandani kwa Scolastika, pembeni ya mwalo. Pale hakuna vitambaa vyeupe. Kuna mabenchi mawili, masufuria matatu, na vumbi la karasha linalosaga mawe kuanzia asubuhi. Wali ukaja, maharage yakaja, Mbuke akaonja kama kawaida. Magesa hajashika kijiko, Theonest akamwita kutoka ng'ambo, kuna mtu ana kidonge na ana haraka. Akaondoka.

Scolastika, mwanamke mnene wa makamo, akaja akakaa kwenye benchi, anajipepea na mfuniko.

"Mdogo wangu, huyu bwana anakulisha au anakupima?"

Mbuke alikuwa amechoka. Angeulizwa swali hilo na jiwe angelijibu jiwe. Akamweleza yote, chuma, limbwata, mahoteli, mwezi wa nane. Alitegemea mwanamke yule acheke au ashtuke. Hakucheka wala hakushtuka.

"Anachoma?"

"Anachoma."

"Wapi?"

"Ndani."

Scolastika akaacha kujipepea. "Mimi hapa napika mwaka wa tisa. Wanaochimba wananigombeza bei. Wanaochoma wananigombeza ladha. Mwanzoni nilidhani mkono wangu umezeeka. Nikaongeza chumvi, nikatia pilipili manga, wapi. Nikaanza kuwaangalia sura. Walewale. Wote ni wa moshi. Unamwona mzee Mabula pale?"

Mbuke akatazama. Kwenye benchi la pili mzee mmoja alikuwa anakunywa chai kwa mikono miwili, kichwa amekishusha mpaka kwenye kikombe, kama anayekunywa kisimani.

"Huyo alikuwa fundi wa kuchoma hapa, tena sifa zake zilifika Kahama. Sasa namfunga kitambaa shingoni kama mtoto." Akamgeukia Mbuke. "Mtoto mnaye?"

"Tunaye. Wa miaka mitatu."

"Anakuwa wapi mkichoma?"

Mbuke akaangalia maharage yake. Scolastika akasimama akaenda kumwongezea mzee Mabula chai.

Jioni ile Mbuke alimwambia mumewe, na safari hii alisema yote, hata ya uji. Magesa alisikiliza mpaka mwisho. Hilo Mbuke anamshukuru mpaka leo.

"Sasa mama lishe ndiye daktari?"

"Basi chomea nje."

"Nichomee nje nigawane na mtaa? Theonest anachoma miaka kumi. Mbona anakula?"

"Theonest mwenyewe alikwambia ulimi wake ulikuwa kama betri."

"Na alimfukuza mwanamke, akapona."

"Alipona, au alihamia kuchomea mwaloni?"

Magesa akajikuna kidevu, na Mbuke akadhani neno limeingia. Kisha mumewe akasema, bila hasira, kwa sauti ya mtu aliyekwisha kuamua, "Mtoto anakula kutoka mkono wako. Mimi simpikii."

Siku mbili baadaye Mbuke aliomba ruhusa ya kwenda kumsalimia mama yake, na akapewa upesi kuliko alivyotegemea, nauli juu. Aliona wazi mumewe anafikiri anakimbia aibu kabla ya kurudishwa. Akamwacha afikiri hivyo. Akambeba Limi, akapanda basi la Shinyanga kupitia Kahama, na hakufika moja kwa moja Mhunze. Aliteremka Shinyanga mjini akaenda hospitali.

Daktari alikuwa binti mdogo, nywele kazibana nyuma. Alimpima Limi fizi, akamwambia anyooshe mikono, akaitazama inavyotetemeka. Akamwambia na mama anyooshe. Hakuuliza wanakula nini. Aliuliza, "Baba anafanya kazi gani?"

Alipojibiwa akaandika muda mrefu. Akachukua mkojo wa wote wawili. Kisha akaeleza taratibu, kama anayemweleza mama yake. Zebaki inayoruka haipotei, inaingia puani, inakaa mwilini. Ladha ya chuma inatangulia, mate yanafuata, usingizi unakwenda, hasira zinakuja, mikono inatetemeka. Mtoto anaumia kuliko mtu mzima. Na ile nyumba ilikuwa imekwisha kuishika: ukuta, godoro, blanketi la dirishani.

"Atapona?" Mbuke akauliza.

"Mengine yatarudi akiwa mbali na moshi. Mengine tutasubiri tuone, mama. Lakini ndani ya nyumba ile asirudi. Hata siku moja."

Mbuke akakaa Mhunze kwa mama yake, Klara. Alimpigia simu mumewe akamwambia maneno ya daktari. Magesa akasema amesikia, simu ikakatika. Wiki tatu zikapita. Siku nyingine Limi anaamka mzuri, siku nyingine hawezi kushika kijiko. Mate yalianza kupungua. Wanawake wa pale wanamuuliza Mbuke anarudi lini, anasema bado, nao wanaitikia "haya" ile ndefu ambayo nyuma yake kuna maneno.

Alhamisi moja alimpeleka Limi kituo cha afya kuchukua dawa. Aliporudi karibu na saa saba akakuta viatu vya Magesa kizingitini mwa nyumba ya mjomba wake, Masalu, ng'ambo ya ua. Magesa alikuja peke yake, kutanguliza neno la limbwata kabla ya kuleta wazee. Mbuke akaingia jikoni kwa mama yake.

Klara alikuwa amejificha nyuma ya mlango, kama inavyompasa. Kwao mkwe na mama mkwe hawaonani uso kwa uso, sembuse kula pamoja. Mkwe akifika, mama mkwe anapika, anajitenga, chakula kinapelekwa na watu wengine, na mkwe anakula na wanaume wa nyumba kwenye sahani moja. Na anakula kweli. Kukataa chakula cha ukweni ni tusi. Kumwambia mtu wa pale akionje kwanza kungezidi tusi: ni kumwita mama mkwe mchawi ndani ya nyumba yake, na kwa hilo hata ng'ombe kumi wasingetosha kuosha mdomo wako.

"Nani kapika?" Mbuke akanong'ona.

"Nani mwingine yupo hapa?" Klara naye akanong'ona. "Ugali na nsansa, na kuku. Kafika ghafla, sikuwa na zaidi. Mbona umeshtuka hivyo?"

Mbuke akasogea dirishani. Kutoka pale, ng'ambo ya ua, aliwaona wanaume wawili barazani, sahani moja katikati. Mjomba Masalu alikuwa anakula kwa raha zake, anamega tonge, anachovya kwenye nsansa, yale majani ya kunde yaliyokaushwa ambayo mama yake huyaungia karanga. Magesa alimega tonge dogo. Mkono ulitetemeka, mboga ikadondoka kabla ya kufika mdomoni. Akamega tena.

"Mkwe, mkono wako unacheza ngoma gani?" Masalu akasema. "Au huko Geita kuku mnawakimbiza mpaka kwenye sahani?"

"Uchovu wa safari, mjomba."

"Kula, kula. Dada yangu leo kaiweka chumvi mahali pake. Siku nyingine husahau."

Magesa akatia tonge mdomoni, na Mbuke akamwona anaacha kutafuna. Alikuwa ameuona uso ule mara nyingi, Geita, Chato, sokoni. Lakini safari hii mumewe hakuwa na wa kumtazama koo. Alimtazama Masalu, anayekula sahani ileile, upande uleule, mafuta ya kuku kidevuni. Akaitazama sahani. Kisha akameza, kwa shida, akamega tonge jingine akameza, na jingine, jasho linamtoka, kwa sababu ni ukweni na lazima ale. Mbuke alikwisha kumkasirikia mwanaume yule mara nyingi. Wakati ule alimwonea huruma, na huruma ile nayo ilimchosha.

Walipomaliza, Masalu akaenda kuangalia ng'ombe. Mbuke akavuka ua, amembeba Limi. Magesa alikuwa anasukutua mdomo kwa maji, anatema, anasukutua.

"Shikamoo, Baba Limi." Hakuwa na kawaida ya kumwamkia hivyo. Ilimtoka tu.

"Hukuwepo," Magesa akasema.

"Nilikuwa kituo cha afya tangu asubuhi."

"Hukupika wewe."

"Sikupika. Sikujua kama unakuja."

Akatema maji tena. Akaangalia mikono yake, akaishika mmoja kwa mwingine ili itulie, nayo yote miwili ikawa inatetemeka pamoja.

"Ni chuma," akasema. "Mpaka huku. Mjomba anakula anasifu chumvi."

Mbuke alikuwa amesubiri neno hilo miezi mitano. Alidhani siku likija atalia, au atapiga vigelegele, au atamwambia yote aliyoyahifadhi, kucha, koo, mbwa wa kuonja. Lilipokuja hakuona ndani yake kitu cha kushangilia. Alimbadilisha Limi bega.

"Kesho asubuhi kuna basi la Shinyanga," akasema. "Nenda kwa yule daktari. Nitakuandikia jina lake."

"Na wewe? Tunarudi lini nyumbani?"

"Ile nyumba haturudi. Mimi sirudi, mtoto harudi. Ukipata nyingine, na ukiacha kuchoma ndani ya nyumba, njoo na wazee tuzungumze. Na jina ulilonipa ulifute mbele yao, kwa mdomo huohuo."

Magesa akainamisha kichwa. Akanyoosha mkono amshike mtoto shavu, Limi akaficha uso shingoni kwa mama yake. Mkono ukabaki hewani kidogo, ukarudi.

"Nitahama," akasema. "Mwenye nyumba hawezi kukaa na chumba kitupu Katoro. Siku mbili tu kishapata mtu."

"Utamwambia kilichomo?"

"Nimwambieje? Niseme nimeweka sumu ukutani kwake? Watanicheka mwalo mzima."

"Mwambie."

Magesa akasema atamwambia. Aliondoka kesho yake, akaenda hospitali kweli, akatuma ujumbe kwamba amepimwa. Wiki ya pili akatuma mwingine: amehama. Mbuke akampigia kuuliza kama amesema na mwenye nyumba. Magesa akasema alikuwa na haraka, mzee mwenyewe hakuwepo, atampigia. Mbuke aliisikia sauti yake akajua hatapiga.

Siku ile alikuwa amefua, amechota maji, amemlisha Limi kwa saa nzima, na mgongo ulikuwa unamuuma. Akakaa kwenye ngazi akatafuta namba ya mwenye nyumba. Mzee akapokea, akamsikiliza mpaka nusu, akasema, "Mama Limi, sasa hayo unaniambia leo? Watu wameshaingia tangu Jumatatu. Mtu na mkewe, wametulia, wameshalipa miezi sita."

"Wana mtoto?"

"Wanaye. Mchanga."

Mzee hakutaka kutoa namba ya yule mwanamke. Mbuke akamwomba, akamwomba, akamtajia fizi za Limi, mpaka mzee akachoka naye, akaitaja moja moja. Mbuke akaiandika kwenye karatasi ya dawa. Akapiga. Iliita sana. Alipokuwa karibu kukata, ikapokewa, na nyuma ya sauti ya mwanamke alisikia mtoto analia na mafuta yanachemka.

"Haloo, nani mwenzangu?"

"Hunijui, dada," Mbuke akasema. "Nilikuwa nakaa humo kabla yako. Epua hicho unachopika, mchukue mtoto utoke naye nje, halafu unisikilize."